Shati la Mkuu wa Chuo

4 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limeacha kukusumbua ukikanyaga cherehani. Mimi mwili hauna neno, roho ndiyo haijatulia.

Usishtuke: nimehama chuo. Kile ulichonidhamini kimefunga darasa la uuguzi katikati ya mwaka. Mwalimu wa mwisho aliondoka, sisi tukaambiwa tusome biashara au tukae. Sikuja ugenini kujifunza biashara. Hiyo ningejifunza kwako bure, kwa jinsi unavyomwambia kila mteja "njoo kesho". Chuo kipya kiko upande wa pili wa mji na kina wodi ya mazoezi. Jana nilimwogesha mgonjwa wa plastiki, maji yakamwingia puani nikamwomba radhi. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini.

Kuna mambo ya kibali changu cha kusoma huku hayajakamilika, ila karani wa hapa amesema nianze tu, karatasi zitafuata. Chumba ni kilekile, juu ya duka la dobi, kuta zinatetemeka mashine zikianza.

Mpwa wako,
Chiriku

21 Machi

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba, mwanangu. Goti lipo, linanikumbusha mvua kabla ya mawingu. Wateja wangu wanakusalimu, hasa wale ninaowaambia waje kesho.

Umefanya vizuri kuhama. Mama yako, Mungu amrehemu, alitaka uwe muuguzi, si muuza duka. Ila umesahau jambo moja, nami nimekufanyia. Katika kazi yetu, mwanafunzi hatoki kwa fundi mmoja kwenda kwa mwingine kimyakimya kama aliyeiba mkasi. Mlezi wake huenda kuaga na kushukuru, mkononi ana kitu. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Basi nimemshonea mkuu wa chuo chako cha zamani shati la mikono mirefu. Kipimo nimekisia, maana uliwahi kuniandikia kwamba tumbo lake huingia ofisini kabla yake. Nimeweka na barua: namshukuru kwa kukulea, namwarifu umehamia kwingine, asikutafute. Nimepeleka posta mwenyewe. Sasa umeondoka kwa heshima.

Mjomba wako,
Fundi

9 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Kibali changu kina jina la chuo cha zamani. Sheria ya hapa ni uombe ruhusa Uhamiaji kwanza, ijibiwe, ndipo uhame. Yule karani alinidanganya, au hakujua. Ombi nimepeleka, jibu bado. Mpaka lije, mimi ni mwanafunzi wa kule, na kule wakiwaambia Uhamiaji kwamba nimeondoka, kibali kinakufa siku hiyohiyo. Pale nilikuwa mtoro tu, na watoro ni wengi, hakuna aliyejali. Mpaka shati lilipofika.

Mkuu wa chuo aliniita. Shati lilikuwa mezani, barua yako juu yake. Akauliza, "Mlezi wako anasema umehama. Ni kweli?" Mjomba, nisamehe. Nilisema sijahama, nilikuwa naumwa. Nikasema wewe ni mzee, umri umekuchanganya, unaandika usiyoyajua. Akanitazama kwa huruma. Akasema sawa, ila anataka maneno ya mkono wako.

Nakuomba umwandikie kwamba ulikosea, kwamba kumbukumbu zako si nzuri siku hizi. Usipige simu kutoka kwa jirani. Wenye simu ndio wenye habari, na simu za huku husikilizwa. Asubuhi sasa nakaa darasa la biashara nionekane, mchana nakimbilia wodini. Juzi wakaguzi walikuja chuo kipya, nikajibanza stoo katikati ya mashuka mpaka walipoondoka. Nikisikia viatu kwenye ngazi, nazima taa.

Nisamehe sana.

Chiriku wako

2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Sikukasirika. Niliumia kidogo, halafu nikaogopa, na hofu ikafukuza maumivu. Ni mimi niliyekuchongea kwa shukrani zangu.

Nimeandika, na unajua mjomba wako hafanyi kazi nusu. Nimemsalimu mkuu wa chuo mara mbili. Nimekuita kwa jina la marehemu mama yako. Nimemwomba anirudishie shati, maana sikumbuki nilimshonea nani. Nilipomaliza nikaisoma, nikamwonea huruma mzee aliyeiandika.

Jihadhari na hayo madarasa mawili. Mshika mbili moja humponyoka. Na ule, hata kama hofu imekushibisha.

Mjomba wako,
Fundi

27 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Goti je? Niambie kweli, si mzaha.

Barua yako ilifanya kazi kupita kiasi. Mkuu wa chuo ni mtu mwema, na wema wake umetumaliza. Amewaandikia Uhamiaji wanihurumie kwa kuwa mlezi wangu ameugua akili, na barua yako akaiambatanisha. Leo wameniita dirishani. Yule mama wa dirishani akaniuliza kwa upole, "Mdhamini wako ndiye huyuhuyu?" Nikasema ndiye. Akasema mdhamini lazima awe na akili timamu, nitafute mwingine. Mjomba, mwingine yupi? Mama hayupo, baba simjui. Ombi langu la kuhama nalo lina jina lako.

Ofisi yao ya huko kwetu itakuita ikuhoji. Ukisema una akili zako, mimi ni mwongo. Ukisema huna, sina mdhamini. Nimefikiri mpaka kichwa kinauma na sijui nikwambie useme nini.

Mpwa wako

15 Julai

Mpwa wangu Chiriku,

Salamu nyingi. Nilikuandikia mara baada ya kupata barua yako, jibu sijaliona. Na hii sijui itakukuta wapi.

Wameniita. Ni kesho asubuhi. Jana nilijaribu kuwa mwehu mbele ya kioo cha wateja. Nikatoa macho, nikajisemesha, halafu nikaona kola yangu imekaa vibaya nikairekebisha. Siwezi, mwanangu. Kwa mkuu wa chuo mimi ni mwehu, kwa Uhamiaji natakiwa niwe mzima, na barua zote mbili zina mwandiko wangu.

Kwa hiyo nitasema kweli. Nitasema barua ya kwanza ndiyo yangu, ya pili niliiandika kwa hofu, na wewe ulidanganya kwa hofu hiyohiyo. Nitasema walikufungia darasa katikati ya mwaka na wewe unataka kuuguza watu. Huenda nikakuokoa. Huenda nikakurudisha kwa mdomo wangu mwenyewe. Naogopa, Chiriku. Leo nimekata suruali ya mteja miguu miwili ya kushoto, jambo ambalo sijawahi kufanya tangu nianze kazi.

Kama bado uko huko, niandikie hata mstari mmoja. Kama uko njiani, ufunguo uko kwa jirani. Cherehani ya mama yako nimeitia mafuta. Si kwamba nakutakia urudi, ila sikuweza kukaa bure.

Mjomba wako, mwenye akili zake timamu,
Fundi