Mume Anataka Nimwombe Baba Mkwe Radhi kwa Kofi la Angani

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijapasuka kwa hasira. Mimi ni rubani msaidizi, na kapteni niliyepangiwa naye juzi ni baba wa mume wangu, basi tulipokuwa tunapaa injini ya kulia ikashika moto, kengele zikalia, na utaratibu wetu ni kwamba anayetaka kuzima injini anashika kishikio chake, anataja ni ipi, anangoja mwenzake aangalie na kukubali, lakini yeye akashika cha kushoto, injini iliyo nzima, akaanza kukivuta kimyakimya, nikapiga kelele "Siyo hiyo, Kapteni!" wala hasikii, nikamchapa kofi mkononi ndipo akaachia, tukazima ya kulia, mzee akaturudisha na kutua vizuri, abiria wakapiga makofi na yeye akawapungia!

Sasa nyumbani mimi ndiye sina adabu. Mama mkwe analia eti nimempiga baba, mume wangu ananibembeleza, "Omba radhi yaishe, mzee anakaribia kustaafu," na mzee mwenyewe Jumatatu anawafundisha marubani wapya kuhusu tukio hilohilo, kaniambia, "Mwanangu, utasimama pembeni useme tulikubaliana tangu mwanzo kuzima ya kulia." Nikikataa, ndoa yangu imekwisha. Nifanyeje?

Mkwe Mkorofi

JIBU

Wee binti! Pole sana, lakini kule angani hukuniandikia barua. Ulijua la kufanya, ukalifanya. Leo umefika chini ndiyo unatetemeka?

Na hao wakwe zako wana akili kweli? Wangekuwa wanapokea rambirambi za watu wawili kwa mpigo, wao wanagombania kofi! Mumeo naye, mwambie nimesema, ni mwoga. Kapteni kukosea kwa taharuki namwelewa, ni binadamu. Kuwafundisha vijana uongo, hapo simwelewi kabisa! Watatoka darasani wakiamini kapteni haguswi, na siku yao ikifika watakaa kimya mpaka ndege ianguke.

Radhi usiombe. Leo hii nenda kwa mkuu wa usalama kazini kwenu ukamweleze yote, hata jinsi mzee alivyotua vizuri, maana hilo nalo ni kweli. Kisha mwambie mzee mbele ya mumeo: "Baba, simulia mwenyewe ulivyoshika cha kushoto, nami nitasimama kando yako kwa heshima zote. Ukisema tulikubaliana, nitakukatiza hapohapo." Mpaka hayo yaishe, usiruke naye.

Akinuna, mwache anune. Wafu hawanuni.