Kwa Nini Nilichagua Ualimu, Kama Ulivyoniuliza

Mtaa wa Bagamoyo,
Tukuyu, Rungwe.
14 Julai 1996

Mpendwa kaka Jairo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Ikupa na watoto wenu wadogo, na kwamba joto la Dar es Salaam halijawamaliza. Sisi huku tuko salama, ukiacha baridi. Ukungu unashuka alfajiri na kuondoka saa nne, na siku nyingine hauondoki kabisa, watu wanapishana barabarani wakisalimiana kwa kubahatisha. Mama ni mzima isipokuwa goti. Sikio lake la kushoto limekataa kazi, kwa hiyo jambo unamwambia mara mbili na bado anakujibu jingine. Atupele naye ni mzima. Binti yako amerefuka, na miguu ni ile ile ya marehemu mama yake.

Barua yako nimeipata Jumanne iliyopita. Imetembea wiki tano. Kwenye bahasha uliandika Bagamoyo peke yake, bila Tukuyu, ikapelekwa Bagamoyo ya Pwani, na huko wakaizungusha mpaka mtu mmoja mwenye huruma akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba ijaribiwe Rungwe. Umekaa mjini, kaka, mpaka umesahau kwenu panaitwaje.

Pole sana kwa kupunguzwa kazi. Krismasi ulipokuja ulituambia mbele ya wageni kwamba kiwanda hakiwezi kwenda wiki moja bila wewe. Nimesikia mwekezaji anakiendesha vizuri tu. Nimesikia pia kwamba sasa unauza viatu vya mitumba, na sikucheki, maana hata mimi navaa vya mitumba. Ukipata namba thelathini na tisa, vyeusi, nikumbuke.

Ndizi mwaka huu zimekubali. Magari kutoka huko kwenu yanakuja kuzifuata mpaka mlangoni, na watu ambao zamani walikuwa wananiamkia barabarani sasa wananiuliza kama nina kiti cha kuwauzia, maana wanaujua mshahara wangu. Kila mtu anafanya biashara. Mwalimu mwenzangu anauza maandazi darasani, na mtoto asiyenunua hasahihishiwi daftari. Mimi siuzi. Nachapa tu.

Sasa nije kwenye ombi lako. Umeniomba nikae na Atupele kabla hajarudisha fomu yake ya machaguo ya kidato cha nne, nimweleze kwa nini mimi nilichagua ualimu, ili na yeye auchague. Umesema kidato cha tano huna uwezo nacho siku hizi, chuo cha ualimu ni miaka miwili tu na kazi inamsubiri, na tena ualimu ni wito. Hilo neno wito umelipigia mstari. Nimeisoma barua mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani unanitania.

Nitakujibu kwa utaratibu, kama nifanyavyo ubaoni.

Mwaka 1980, nilipokuwa kidato cha nne, fomu zile tulizijaza kwanza kwa penseli. Mkuu wa shule alizipitia, kisha akamtuma kila mmoja aende na yake nyumbani, mzazi aone, akubali, na maandishi yakolezwe kwa wino. Yangu ilisomeka kidato cha tano, fizikia, kemia na baiolojia, chaguo la kwanza mpaka la tatu. Nilitaka udaktari. Mkuu wa shule aliandika pembeni kwamba ninauweza.

Wewe ulikuwa likizo. Ulikuja na shati la mikono mirefu na kalamu ya wino ya ofisini, na wote tulijua kwamba mwandiko wako ndio mwandiko mzuri wa ukoo wetu. Nikakuachia fomu, nikaenda shambani kuchuma chai. Niliporudi ilikuwa tayari kwenye bahasha, imefungwa. Baba, Mungu amrehemu, hakujua kusoma. Ulimshika dole gumba ukalichovya kwenye wino, ukalikandamiza mahali pa mzazi, na mama ananiambia mzee alikushukuru, akasema ndaga fijo, mwanangu, kwa kumsaidia mdogo wako.

Nilifaulu vizuri kuliko wasichana wote wa darasa langu. Nikapangiwa chuo cha ualimu. Nikadhani serikali imeamua, na siku zile serikali ikiamua unafunga sanduku. Nililia kwenye basi mpaka Mbeya. Wewe ulituma barua ya pongezi.

Nilijua ukweli mwaka 1983. Mkuu wa shule wangu alikuwa ameshastaafu, tukakutana sokoni Tukuyu, akaniuliza mbele ya wauza ndizi kwa nini nilikifuta kidato cha tano na kuandika ualimu mara tatu, tena kwa mwandiko mzuri kiasi kile. Kaka, mwandiko wangu ni wa kuku. Anaujua kila mtu. Nilimjibu kwamba nilibadilisha mawazo, nikanunua chumvi, nikarudi nyumbani.

Miaka kumi na mitatu sijakuambia kwamba najua. Mwanzoni baba alikuwa mgonjwa. Baadaye ukafiwa na mkeo, ukaniletea Atupele akiwa na miaka tisa na vazi moja. Lakini hizo ni sababu za kuwaambia watu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakutunzia.

Na sababu yako ninaijua, usijisumbue kuitafuta. Ulikomea kidato cha nne, kwa daraja ambalo baba alikuwa akiwatangazia watu kuwa ni la kwanza. Hukutaka mtoto wa kike wa nyumba ile akupite. Ungenipiga ningekusamehe mapema zaidi.

Basi nimekuwa mwalimu. Hasira yangu haikuweza kufika Dar es Salaam, nauli ilikuwa kubwa, ikaishia darasani. Wazazi wananisifu. Wanasema Mwalimu Felista hana mchezo, darasa lake linafaulu, na ni kweli linafaulu. Kila Januari nawauliza darasa la sita wanataka kuwa nani. Atakayesema mwalimu namsimamisha mbele, nawaambia wenzake wamtazame vizuri mtu ambaye hajui anachokisema, wanamcheka mpaka analia, ndipo tunaanza hesabu. Atupele alipofika kwangu alisema nesi. Nikafurahi.

Unaona sasa ulichoniomba, na ulimwomba nani.

Jumatano mchana alipotoka shule nilimwita jikoni. Tulikuwa tunamenya ndizi, mama amekaa karibu na moto, hasikii. Fomu ilikuwa inatakiwa Ijumaa. Nikamwambia yote, kama nilivyoyaandika hapa: penseli, wino, dole gumba la babu yake, soko. Sikukupunguzia hata kidogo. Na nia yangu sikuificha, kwake wala kwako. Nilitaka aandike kidato cha tano, mara tatu, na wewe utafute ada, uuze viatu vya mitumba mpaka usahau kulala. Anaiweza kemia kuliko nilivyoiweza mimi. Nilimwambia, mwanangu, baba yako alimfanyia hivi dada yake wa tumbo moja, sasa anataka nimsaidie kukufanyia na wewe. Mkatalie.

Alisikiliza mpaka mwisho huku anamenya. Kuhusu wewe hakuuliza hata neno moja. Wala hakushangaa.

Kisha akaniambia kwamba fomu yake alishaijaza wiki iliyopita, kwa wino, na chaguo la kwanza ni ualimu.

Nilifikiri umemwandikia kwa siri. Akasema hapana, hajapata barua yako tangu Pasaka, na nikamwamini, maana wewe kuandika barua mbili kwa mwaka ni sherehe. Hapo, kaka, nitakuambia jambo la kuchekesha. Moyo wangu ukalainika. Nikajiona mwenyewe nimekaa pale na kisu na maganda, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu asiye na mume wala mtoto, na mtu mmoja duniani ameniangalia akataka kuwa kama mimi. Nikamwambia asichague kazi kwa sababu ya kunipenda mimi. Nilisema kwa upole, sauti ambayo sijui niliitoa wapi.

Akasema, "Si kwa sababu hiyo, shangazi."

Nikamuuliza ni kwa sababu ipi.

"Nilikaa darasani kwako miaka miwili. Kila asubuhi wenzangu walikuwa wananisubiri pale kwenye kona ya mashine ya kusaga, waniulize kama umeamka na homa. Walikuwa wanaomba uugue. Si ufe. Uugue tu, hata wiki moja. Nikiwaambia umeamka mzima, Simon alikuwa anatapika palepale, anatapika chai, halafu anajifuta tunaenda."

Hakupandisha sauti. Alichukua ndizi nyingine.

"Nataka na mimi nipate darasa langu," akasema. "Moja tu, popote watakaponipeleka. Watoto wasiombe hivyo."

Nikamuuliza kama na yeye alikuwa anaomba.

"Mimi nilikuwa naomba mara mbili," akasema. "Wao walikuwa wanarudi kwao. Mimi nilikuwa narudi na wewe."

Nilinyanyua mkono nimpige. Hakukwepa, akafumba macho tu, kwa namna ya mtu aliyezoea, na mama akatuuliza kwa sauti kubwa kama ndizi zinatosha. Nikashusha mkono nikasema zinatosha.

Iliniuma, kaka. Nataka ujue kwamba iliniuma kuliko fomu yangu. Wewe ulinichukulia kidato cha tano, lakini muda wote huu nilijua kwamba mkosaji ni wewe, na hilo lilinisaidia sana kuishi. Simon nimemkumbuka. Alikuwa mwembamba, anaandika kwa mkono wa kushoto, nikamzoeza wa kulia. Aliacha shule kabla ya mtihani wa darasa la saba, na yuko kwenye mashamba ya chai. Mimi nilikuwa nasema ni uvivu.

Kwa hiyo umepata ulichokitaka. Binti yako atakwenda chuo, miaka miwili, bila kukugharimu. Nimeweka sahihi mahali pa mlezi na fomu imekwenda Ijumaa, kama ilivyotakiwa. Usiandike kumpongeza kwa kukutii, kwa sababu hakukufikiria. Na usiniambie tena habari ya wito. Huo wito kama upo, umempata kwenye kona ya mashine ya kusaga, akiwa na miaka kumi na miwili, anawaambia watoto habari mbaya kwamba mimi ni mzima.

Tangu siku hiyo ananiamkia kama zamani, ananiwekea maji ya kuoga, anafua. Hana kinyongo. Ningependa awe nacho, ningejua la kumfanya.

Umeniuliza vilevile, mwisho wa barua yako, kama kazi naipenda. Nitakueleza siku moja tu ya kazi, ile ya Alhamisi, asubuhi baada ya mazungumzo yale. Sikulala vizuri. Niliingia darasani, watoto hamsini na wanane wakasimama wakaniamkia kwa pamoja, shikamoo mwalimu, kama kawaida yao. Sikuwaitikia. Nilifunga mlango, nikapita mstari kwa mstari, nikimtazama kila mmoja machoni, nikitafuta ni yupi aliyeomba asubuhi ile. Wengine walitabasamu. Nyuso zilikuwa sawa zote. Nilishindwa kumpata, kaka, kwa hiyo niliwachapa wote.

Nisalimie wifi Ikupa, mwambie vitenge alivyotuma, mama kavipenda na anakwenda navyo kanisani. Wasalimie watoto, hasa Fred, ambaye nasikia ameanza darasa la kwanza. Baba mdogo Jotham wa Lufingo anakusalimu na anauliza lini utakuja kuona kaburi la baba, limeota nyasi. Atupele nilimuuliza kama ana salamu kwako, akasema ni hizo hizo za siku zote.

Mama nimemsomea barua hii, sehemu alizozisikia, naye anasema Kyala akulinde wewe na nyumba yako, akupe kazi nyingine iliyo njema kuliko ile ya kwanza. Nami naitikia amina.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda kwa kuwa sina kaka mwingine,

Mwl. Felista Hezron