Breki za Mjomba na Ndoo ya Bluu

4 Machi

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo. Mama yako mzima, ila jicho bado linatibiwa, na kila Alhamisi nampeleka kliniki kwa gari langu, maana mwanawe wa kumzaa yuko mbali anavaa glavu.

Nasikia gereji yenu ina sakafu nyeupe. Nilicheka hadi nikakohoa. Fundi gani huyo anayeogopa grisi?

Sikuandikii kuomba ushauri. Nakupa mtihani tu, nione hicho cheti chako kinajua nini. Gari likifika kasi ya mia kwenye barabara kuu, nikikanyaga breki linatetemeka lote. Tairi nimebadilisha. Balansi ya magurudumu nimefanya mara mbili. Bado. Haya, jibu ukiweza.

Mjomba wako, fundi wa kweli

12 Machi

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema na hasira kidogo. Mimi mzima, na glavu zangu nazo hazijambo.

Umebadilisha tairi kwa ugonjwa wa breki? Basi mtu akiumwa jino utamnunulia viatu. Ingekuwa balansi, gari lingetetemeka hata mguu usipogusa breki. Lako linatetemeka ukikanyaga tu. Sasa niambie: kinachoruka ni usukani au kiti? Usukani, tazama diski za breki za mbele. Kiti, tazama za nyuma.

Na swali jingine. Bado unayamwagia magurudumu maji kwa ile ndoo ya bluu?

Mpaka tujue, tafadhali usimpandishe mama humo.

Mpwa wako

19 Machi

Mpwa,

Marahaba. Wote wazima, japo kwa ulimi huo hukustahili kuambiwa.

Ni usukani. Lakini ndoo yangu inahusika nini? Gari likitoka safari, magurudumu yanamwagiwa maji, yanafuka mvuke, yanapoa, kazi inaanza. Breki nazo zina kiu. Nilikufundisha hayo wakati hujui hata spana ipi ni ya kumi na tatu. Watu kumi na tisa wamejifunza kazi kwangu, na hakuna aliyebisha ila wewe, uliyekwenda kufundishwa na mashine.

Alhamisi mama yako atapanda gari langu kama kawaida.

Mjomba wako

26 Machi

Mjomba, shikamoo.

Natumaini mama hajambo. Mimi sijalala vizuri tangu nisome ile barua.

Hawakubisha kwa sababu walikuogopa. Mimi pia nilikuogopa. Diski hutoka barabarani ikiwa ya moto kuliko kikaango. Ukiimwagia maji baridi ghafla, inaweza kupinda kidogo tu. Jicho halioni, ila mguu unajua.

Usiniamini. Vua gurudumu la mbele, rudishia nati ili diski ikae imara. Funga msumari kando ya diski, kwenye chuma kisichocheza, ncha ikaribie diski bila kuigusa. Zungusha kwa mkono. Diski iliyonyooka haibadilishi nafasi kati yake na msumari; iliyopinda itaukwaruza. Kazi ya dakika kumi, haihitaji cheti. Au na msumari nao unauogopa?

Mpwa wako

18 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Hamjambo huko? Wiki tatu kimya. Nitukane, lakini andika. Mama yuko salama?

Mpwa wako

24 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako mzima, na jicho linaendelea vizuri. Ila Alhamisi hizi amekwenda kliniki kwa basi, na mimi nimekaa naye kiti cha dirishani, nimeshika mkoba wake. Usicheke.

Siku barua yako ilipofika, niliiweka mfukoni nikampakia dada yangu, tukaondoka. Lori likasimama ghafla mbele yetu. Nilikanyaga breki, usukani ukanitoka mkononi, gari likaenda upande, likasimama hatua mbili kutoka kwenye lori. Mama yako akaniuliza, "Kaka, mwanangu amekuandikia nini?" Ndipo nikaitoa mfukoni, nikaisoma.

Nilifunga msumari wako. Diski ya kushoto iliukwaruza upande mmoja, upande wa pili ikauacha. Nilizungusha mara nyingi nikitafuta kosa lako. Sikulipata. Diski mpya nimeshafunga, usukani umetulia. Glavu bado nazidharau.

Lakini kilichonichelewesha si diski. Wale watu kumi na tisa, wengi wana gereji zao sasa. Kila siku wanamwaga maji na kusema ndivyo fundi wetu alivyotufundisha. Magari mangapi hayo? Yamewabeba mama wa nani? Nimeona aibu, mpwa wangu, aibu kubwa. Nimekaa uani na daftari nimwandikie kila mmoja, na barua ya kwanza nimeichana mara nne. Sasa imetoka. Wewe pia ni mmoja wao, kwa hiyo ni yako:

Usizimwagie maji breki za moto. Ziache zipoe zenyewe. Nilikufundisha vibaya.

Wamebaki kumi na nane, na wawili kati yao sijui wanaishi wapi.

Mjomba wako