Kemia Wakati wa Likizo

Buffalo, mwishoni mwa mwezi wa nane

Mama mpendwa,

Bwana asifiwe. Goti linaendeleaje? Kuni unazifuata mwenyewe, au watoto wa jirani wanakusaidia? Nasikia kambi imejaa tena watu waliokimbia Burundi, na kila nikisikia nakuwaza. Sisi hapa mtaani Riverside, mimi na baba mdogo Zakaria na watu wake, ni wazima. Nimeandika kwa sababu simu hukatika kabla sijafika kwenye habari yenyewe, na hii nataka uishike mkononi.

Chuo hufunga mwezi wa tano, lakini anayetaka anaruhusiwa kusoma somo moja wakati wa likizo. Halazimishwi mtu. Mimi nilichukua kemia, kwa sababu bila kemia nisingeingia uuguzi mwezi wa tisa; ningesubiri mwaka mwingine. Kaka Eliya alinipigia kutoka Louisville akitaka niende nikafanye naye kazi ya kubeba mizigo ghalani. Aliniambia likizo ni ya kutafuta, si ya kujitesa. Nilikaribia kumsikiliza, maana mambo ya muhula mzima yanabanwa kwenye wiki chache. Ukizubaa siku moja, umeachwa.

Jaribio la kwanza nilianguka vibaya. Chini ya karatasi mwalimu aliandika: njoo ofisini kwangu. Mama, unajua kwetu anayeitwa ofisini anakwenda na mzazi. Niliona nimeshafukuzwa. Nikamwambia baba mdogo. Hakuuliza kitu. Aliomba ruhusa kiwandani, akavaa suti ya kanisani na tai, tukapanda basi.

Mwalimu, mama wa makamo, alituonyesha viti. Baba mdogo akakataa kukaa. Akataka nitafsiri: "Mwalimu, mimi ndiye mzazi wake hapa. Kama amekosa adabu, tuonye sote wawili."

Nilitafsiri nikitazama zulia.

Mwalimu alitikisa kichwa. "Hajakosa chochote," akasema. "Nimemwita kwa sababu hajaniuliza swali hata moja tangu tuanze. Ofisi hii ni ya kuulizia."

Nikamweleza baba mdogo. Akataka nirudie. Kisha akakaa, akaweka kofia mapajani, akaniambia, "Haya, uliza."

Nikauliza. Swali likazaa swali, ubao ukajaa, ukafutwa, ukajaa tena. Kumbe ukimya niliouona mimi kuwa ni heshima, yeye aliuona ni kukata tamaa. Baba mdogo alisikiliza kemia kama anavyosikiliza mahubiri. Kwenye basi akasema, "Kwa hiyo nimevaa tai bure."

Tangu hapo nilikwenda kwa mwalimu kila alipokuwepo ofisini. Maswali niliyaandaa nikiosha vyombo, hata nikiwa ibadani, Mungu anisamehe. Eliya, aliposikia habari ya baba mdogo na tai yake, akawa ananiuliza kama wakili wangu bado ananisindikiza.

Juzi matokeo yalitoka. Mtihani wa mwisho nimepata A, Mama, na jina langu limeingia darasa la uuguzi. Nilikaa mbele ya kompyuta ya maktaba, nimetulia kabisa, nikijua kwamba kazi hii nimeifanya mimi. Nilipompigia Eliya, akasema, "Basi, muuguzi, anza na mgongo wangu."

Dada Neema wa Columbus anakusalimu. Nisalimie shangazi Pelagia wa kwaya na mjomba Samweli fundi baiskeli. Wakikuuliza nafanya nini huku, usiseme tena kwamba bado natafuta njia. Jumatatu naingia darasani.

Binti yako, mwanafunzi wa uuguzi,
Evelina