Mwandiko wa Nyuma ya Pazia

Baba,

Shikamoo. Hata sasa, nikishaandika hivyo nangoja kidogo uniitikie, ndipo niendelee.

Arubaini yako tumeisoma juzi. Mama bado yuko edani, hatoki, na chakula hali mpaka nimlazimishe. Mimi nimechoka, baba. Nachoka hata kuchana nywele. Pazia la sebuleni, lile nililokuwa nakaa nyuma yake ukizungumza na Mwingereza, sijalifua tangu ulipoondoka.

Unakumbuka lile neno la Kiingereza, "run"? Mwingereza alipokuomba umkusanyie maana zake kwa Kiswahili kwa ajili ya kitabu chake cha maneno, tulidhani ni kukimbia tu, tutalimaliza siku moja. Kumbe wenyewe wamelitia kila mahali! Mto ukitiririka, "run". Pua ikitoka kamasi, "run". Leso ikichuja rangi, "run". Mtu akiendesha duka, "run" vilevile. Ukacheka ukasema, "Hawa watu wamekosa maneno mengine?" Kila maana ukataka iwe na kikaratasi chake, ukavitunga vyote kwa ukindu kama samaki wa kupeleka nyumbani. Wewe ulikuwa ukiuliza, mimi nasikiliza na kuandika, maana mtoto wa jicho alikwisha kukuziba macho yote mawili. Mwingereza hakujua kwamba huoni. Aliamini mwandiko ni wako.

Kikaratasi cha mwisho sikukusomea. Mwingereza alikuja kukutazama ukiwa hoi, akamwambia mwenzake, kwa neno lilelile, "run down", kwamba mwili wako umechakaa. Nililia. Lakini niliandika, kwa sababu ndivyo ulivyonifundisha.

Sasa ameleta karani kutoka Unguja, bwana mmoja ana majivuno hayo! Alikuja kuazima vikaratasi vyetu, akanionyesha vyake. Kila "run" kwake ni kukimbia. Pua inakimbia, duka linakimbia, na leso nayo inakimbia. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukohoe. Mimi sikucheka. Ameanza kufuta yetu na kuandika yake juu, na jina litakalotiwa kitabuni ni lako.

Nilimwambia mama. Akajibu, "Mwache baba yako alale na heshima yake." Najua anachoogopa. Nikijitokeza, Bagamoyo nzima itajua kwamba mkalimani wao mkubwa alikuwa haoni, akisomewa na binti yake. Nikinyamaza, kazi yako ya miaka mitatu inaharibika, na wasomaji watakucheka wewe. Siku tatu nimelala na kuamka na jambo hili. Nilikukasirikia pia, nisikufiche. Kwa nini hukumwambia mwenyewe ulipokuwa na nafasi?

Kesho asubuhi nitajitanda leso, nifuatane na shangazi mpaka kwa Mwingereza. Sitasema mengi. Nitaomba kalamu niandike mbele yake, aone mwandiko ni wa nani, kisha nimwonyeshe karani anavyoiharibu kazi yetu. Unisamehe, baba, siri yako naivunja. Nakuahidi sitaruhusu neno hata moja la uongo likae chini ya jina lako, hata kama mama hatasema nami mpaka eda iishe.

Kwaheri. Miaka yote niliandika ulichoniambia. Hii ni mara ya kwanza naandika nikijua ungenikataza.

Mwanao,
Mwanaidi