Ng'ombe Wako na Chuo cha Mbuke

Kihesa,
Iringa.
9 Novemba 2024.

Mpendwa Kaka Gideon,

Habari za huko Doha? Natumaini joto limepungua na kazi ya bandarini haikuumizi mgongo kama mwaka jana. Sisi huku tuna afya. Baridi imekwisha, mvua bado. Igawa nako ni wazima, Kaka Masunga na Wifi Esther, ila bati la jikoni limezidi kutoboka.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu zangu hupokei, na ujumbe wangu unausoma bila kujibu. Jirani yangu Sedekia anarudi kazini huko wiki hii. Nimemwomba akukabidhi mkononi.

Mbuke wa Kaka Masunga hakwenda chuo.

Alichaguliwa kusoma uuguzi hapa Iringa, na angelala na kula kwangu. Mkopo wa serikali alipata, ukafunika sehemu ya ada. Iliyobaki tuliiombea ufadhili kwenye mfuko mmoja wa Mbeya mjini unaosomesha watoto wa kaya zisizo na uwezo. Usaili alifaulu. Kilichobaki kilikuwa mtu wa mfuko kuja kuiona kaya yenyewe.

Siku hiyo nilikuwa Igawa. Alikuja Bwana Gwakisa, mtu wa Tukuyu, mcheshi, viatu vimejaa vumbi. Aliiona nyumba. Aliuliza shamba la mpunga, akaambiwa ni la kukodi. Wifi Esther akampa maziwa mgando, akanywa, akaomba tena. Mambo yalikwenda vizuri mpaka ng'ombe waliporudi kutoka malishoni. Unawajua. Ukiondoa wanne, wote ni wako.

Bwana Gwakisa akasimama, akawatazama mpaka wa mwisho alipoingia.

"Mzee, kwetu mwenye ng'ombe watatu anaitwa tajiri. Hawa wote wa nani?"

"Wa boma hili," Masunga akasema.

"Boma haliendi mnadani, mzee. Wa nani?"

"Wangu."

Wewe unajua kwa nini alijibu hivyo. Kwetu, aliyewekewa ng'ombe na ndugu yake hamtaji mwenye mali mbele ya mgeni. Nawe ulipomwekea ulikazia: jina lako lisisikike, ndugu wasije wakapanga foleni kukuomba. Masunga ameshika neno hilo miaka yote. Alilishika na siku ile, binti yake amesimama pembeni na sinia la vikombe, anasikia.

Nilimfuata Bwana Gwakisa kwenye gari nikamweleza ukweli. Hakunikatalia.

"Dada, mtoto ana akili, nimemwona. Lakini baba mtu kasema mwenyewe ni wake, na mimi nimeandika. Mwenye ng'ombe anipigie. Nikimsikia yeye, nitalirudisha ombi kwa wenzangu. Mwisho Ijumaa."

Nilikupigia kesho yake. Hiyo ndiyo simu ya mwisho uliyopokea. Ulisema, "Helena, ng'ombe wangu msiwaingize kwenye mambo ya ofisi. Leo nitamwambia huyo, kesho Igawa nzima inajua." Nikakuambia ni mtu mmoja tu, na wala hakai Igawa. Ukasema Mbuke bado mdogo, chuo hakihami. Kisha ukakata.

Ijumaa ikapita. Nafasi alipewa mtoto mwingine wa Mbarali, na sina neno naye.

Nimefanya kazi ya habari muda mrefu, na nimezoea kuandika baada ya kusikia pande zote mbili. Upande wako nimeutafuta sana, Kaka. Sijapata zaidi ya yale uliyosema kwenye simu.

Mbuke sasa yuko Ilula kwa Blandina, binti wa shangazi yetu, anauza nyanya barabarani. Nilipita kumwona. Basi likisimama anakimbia na ndoo pamoja na wenzake, wanasukumana madirishani. Nilimuuliza kama ana kinyongo na baba yake. Akanicheka.

"Shangazi, baba angemtaja mwenye ng'ombe ningedhani anaumwa. Baba mdogo ndiye niliyejua atasema."

Basi jingine likaja, akaniacha nimesimama.

Chuo kimekubali kumwekea nafasi hadi mwaka ujao. Mfuko nao utapokea maombi upya, na mtu atakuja tena Igawa kutazama. Kaka yetu akiulizwa atajibu vilevile, hilo wala tusijidanganye. Kwa hiyo siku hiyo ng'ombe wako wasiwepo.

Nilimwambia Masunga hivyo. Aliuliza tu, "Sasa atawapeleka wapi?" Hata hapo alikuwa anakuwazia wewe.

Mimi sikuwazii hilo. Tafuta malisho, tafuta mchungaji, umlipe. Masika yakiisha watoke. Na atakayekuja kuwachukua aje mchana, aseme ametumwa na Gideon, majirani wakisikia. Usipotuma mtu, nitakwenda mimi kwa mwenyekiti wa kijiji, niseme mbele ya watu ni wa nani. Masunga atanikasirikia, pengine kwa muda mrefu. Nimekubali.

Nisalimie Wifi Joyness na watoto. Nimesikia mkubwa ameingia chuo kikuu mwaka huu. Mpe hongera zangu, nazitoa kwa moyo mweupe, yeye hana kosa. Wifi Esther anakusalimu. Amesema nikuandikie hivyo, nami nimeandika.

Mungu akutunze ugenini na akurudishe nyumbani ukiwa mzima. Ukirudi, pitia Ilula kwanza, ununue nyanya.

Mimi dada yako, ambaye bado nakupenda,

Helena