Sori na Isale

Poli, 9 Januari 2024

Binti yangu Evaresta,

Hujambo huko Kijenge? Mimi mzima, ni magoti tu. Nimeona ujumbe wako wa simu: "Sori Baba." Sori! Kondakta akinikanyaga, sori. Muuza duka akiishiwa chumvi, sori. Daktari alipotuambia mama yako hayupo tena, sori. Sasa wewe umeniita mwongo mbele ya ndugu zangu, siku ya Krismasi, nami napewa sori ileile? Si ndiye mwalimu wa Kiingereza wewe? Hebu nieleze hilo neno ni la kazi gani.

Baba yako

Kijenge, 16 Januari

Shikamoo Baba,

Pole na magoti. Neno hilo zamani kwa Waingereza lilikuwa la mtu mwenye maumivu. Ni ndugu wa neno lao la kidonda. Baadaye likawa pole, likawa samahani, na siku hizi hata asiyekusikia vizuri analitumia kuuliza umesemaje. Mimi nililichagua kwa ile maana ya kwanza. Naumia, Baba. Lakini sisi Wameru tuna letu. Jumamosi nakuja na Mzee Gadiel wa kutupatanisha, nikiwa na jani la isale la kukuomba msamaha.

Mwanao

Kijenge, 21 Januari

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima, maana redio yako ilikuwa inaongea ndani. Tulibisha hodi mpaka Mzee Gadiel akaona aibu. Nimeliacha isale kizingitini. Ulikuwemo, Baba?

Mwanao

Poli, 25 Januari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nilikuwemo. Mila unaijua, isale halikataliwi. Ningefungua mlango ingenibidi nikusamehe palepale, na hasira yangu nilikuwa bado naitaka. Nikajibanza nyuma ya kabati, mzee mzima! Mlipoondoka nikalichukua lile jani, nikalia. Najuta sana. Njoo tena, hata mikono mitupu.

Baba yako

Poli, 11 Aprili

Mwanangu,

U hali gani? Nimeandika tena na tena, kimya. Simu haipatikani. Pasaka nilipika ndizi mwenyewe, nikakuwekea sahani. Jioni kuku wakazila zile ndizi.

Baba yako

Mbeya, 2 Juni

Baba,

Nimehamia Mbeya, niliomba mwenyewe. Sina kinyongo. Ila kila nikifikiria kuja, naisikia ile redio. Usinisubiri.

Evaresta

Poli, 15 Juni

Mwanangu,

Barua yako imefika. Nimeisoma mbele na nyuma nikitafuta shikamoo yangu. Nasema ulikuwa na haraka tu, ukaisahau. Basi mimi naitikia: marahaba, mwanangu. Marahaba.

Baba yako